Mamba Yule Hakutumwa

Mwanaidi mwanangu,

Salamu nazipita. Uko chumba cha pili, na ninasikia kitanda kinavyolia kila ukijigeuza. Ningeweza kuja kukaa pembeni yako tukazungumza, lakini mdomo wangu leo umeshatumika kwingine na hauna nguvu tena. Barua hii nitaiweka juu ya kanga kwenye begi lako. Isome ukiwa ndani ya basi. Ukiisoma mbele yangu nitakunyang'anya, najijua mwenyewe.

Ya chandarua, ya dawa, ya nani wa kumpigia simu ukifika Kilwa, nimeyasema mpaka ukaniambia, "Mama, mimi si mtoto." Haya, si mtoto. Basi nakueleza ya watu wazima.

Nianze na pilau ya kukuaga uende kazini. Umerudi kutoka Kibiti kugongesha mihuri vyeti vyako, umekuta mikeka imetandikwa, kuku wangu wote wamechinjwa, pilau imejaa ile sufuria kubwa ya kuazima, na hakuna mtu. Hata shehe wa kukusomea dua hakutokea. Ukaniuliza, "Mama, watu wako wapi?" Nikakujibu wana shughuli. Shughuli gani hiyo ya kijiji kizima? Nilikudanganya. Hawakuja kwa sababu yangu. Asubuhi, wewe ukiwa Kibiti, nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikasema Bibi Somoe si mchawi, na wala hakumuua baba yako. Baba yako mkubwa akainuka, akakung'uta kanzu, akaondoka, na wengi wakamfuata. Waliomfuata ndio hao ambao wangekula pilau yetu.

Kama umekasirika, kasirika. Sherehe ilikuwa yako, haki ni yako. Lakini kwanza nisikilize.

Umekua ukijua kwamba Bibi Somoe, shangazi yake baba yako, alituma mamba akamla mtoto wa kaka yake mwenyewe. Ulijuaje? Mimi ndiye niliyekuambia. Nilikuambia usile chakula chake, usimwamkie, ukimwona njiani hamia upande wa pili. Mwaka juzi mlikutana stendi ya Ikwiriri, akakuita kwa jina lako, ukatema mate chini ukapita. Ulirudi ukanisimulia kama mtu aliyeshinda kesi. Na mimi, ambaye wakati huo nilikuwa nimeshaujua ukweli, niliinamisha kichwa nikaendelea kupepeta mchele. Hilo linaniuma kuliko pilau.

Basi ilikuwa hivi. Ulikuwa darasa la pili. Msimu ule tulikuwa tumehamia bondeni kama kila mwaka, tunalala kwenye dungu, kile kibanda chetu cha juu ya miti, tunalinda mpunga usiliwe na ndege mchana na nguruwe usiku. Jioni moja baba yako akashuka mtoni kuoga. Hatukusikia hata kelele. Tuliukuta msuli aliokuwa amejifunga umenasa kwenye matete, basi. Watu wakazunguka na mitumbwi mpaka wakachoka. Tukamswalia swala ya ghaibu, kwa kuwa mwili haukuwepo, na mimi nikarudi kukaa eda ndani ya nyumba hii hii.

Mjane wa eda hatoki, mwanangu. Dunia huletewa mlangoni. Na aliyeniletea dunia alikuwa shemeji yangu, baba yako mkubwa. Alikuja kutoka kwa mganga, akaniambia mamba yule si wa mto, ni mamba wa kutumwa, na aliyemtuma ni shangazi Somoe, kwa ajili ya ule ugomvi wao wa mpaka wa shamba. "Lisemwalo lipo," akasema, "na kama halipo, laja." Nikaamini. Tena usidhani niliamini kwa kulazimishwa. Niliamini kwa raha. Mtu akifiwa anataka mtu wa kumchukia, na mamba utamchukiaje? Hata ukimtukana hasikii. Shangazi Somoe alikuwa anasikia, tena nyumba yake ile pale, moshi wake naunusa.

Akaja mtendaji wa kijiji wa wakati ule, kijana mmoja mwenye baiskeli. Akasimama nje kwa heshima ya eda, tukazungumza mlango ukiwa katikati yetu. "Mama, pole kwa msiba. Nimekuja kuandika taarifa. Mtu akiuawa na mnyama inabidi nipeleke taarifa wilayani. Niandike nini?"

Shemeji alikuwa barazani, kimya. Lakini alikuwa ameshanionya: ukisema mnyama umemsafisha Somoe, serikali ikiandika mamba ndiyo basi tena, hakuna atakayemgusa. Nikamjibu yule kijana, "Usiandike kitu. Haya ni mambo ya nyumbani." Akauliza tena. Nikamwambia, "Baba, husikii? Ya nyumbani!" Nikamsikia anafunga daftari. Nikasikia baiskeli inaondoka.

Sasa tazama akili zetu zilivyofanya kazi. Mamba wa mto anakula yeyote, kwa hiyo unamwogopa. Mamba wa kutumwa ametumwa kwa mtu mmoja, akimaliza kazi anarudi kwa mwenyewe. Basi hofu ya nini? Wanaume walikuwa wameshaanza kukata miti ya kuzungushia uzio pale tunapoteka maji, hapa chini ya kijiji. Wakaacha. "Uzio wa nini, na mamba ana mwenyewe?" Watu wakarudi kuoga palepale, kufua palepale. Nilikuwa nawasikia watoto wanavyochezea maji, nikiwa humu ndani, na wala moyo haukunishtuka.

Akachukuliwa Tausi. Unamkumbuka Tausi, mjukuu wa Bibi Somoe, mlikuwa mkicheza naye kombolela, alikupita umri kidogo akajifanya dada yako. Alikwenda kuosha vyombo. Sufuria ndiyo iliyoonekana ikielea. Nilikufungia chumbani usiende msibani, ukapiga mlango kwa ngumi mpaka ukalala sakafuni. Na kijiji kilisema nini? "Umemrudia mwenyewe." Yaani uchawi wake. Mtu kafiwa na mjukuu wake wa pekee, na watu hawakwenda kumpikia wala kukaa naye mkekani. Somoe akafunga mzigo wake akahamia Nyamwage. Mpaka leo anakaanga mihogo pale barabarani, anawauzia abiria wa mabasi.

Baba yako mkubwa akatulea, sitamnyima haki yake. Sare zako, bweni lako, nauli zako, yeye. Kiwanja hiki kilipo kitanda unachojigeuzia, chake. Mimi nikamlipa kwa kuitikia. Akimtaja Somoe kwa ubaya, naitikia. Akisema ukoo wetu una adui, naitikia. Niliitikia mpaka nikawa hodari kuliko yeye mwenyewe.

Halafu ukamaliza kidato cha sita, ukataka kuomba mkopo wa chuo. Yatima anatakiwa aonyeshe cheti cha kifo cha mzazi. Loo! Mtu hana kaburi, atakuwa na cheti? Nikaenda Kibiti. Nikazunguka madirisha. Kila dirisha, "Mama, una barua?" Barua gani, kutoka kwa nani, sikujua hata namna ya kuuliza. Mwisho mlinzi mmoja akanihurumia. "Nenda maktaba," akasema. "Kaulize kwanza utaratibu, kisha uje hapa ukijua unachodai."

Maktaba! Mimi nilidhani maktaba ni ya wanafunzi na watu wa miwani. Nilifika mlangoni nikavua ndala. Dada aliyekuwa ndani akacheka, "Ingia nazo, mama, hapa si msikitini." Jina lake Anitha, mtu wa Bukoba, siku hiyo ana mafua, anapenga kamasi kila akisema maneno mawili. Chumba chenyewe kidogo. Mzee mmoja anatafuta kanuni za mafao yake. Akina mama wa kikundi wanasomeana masharti ya mikopo ya halmashauri, mmoja anabisha, "Si ndivyo tulivyoambiwa!" na mwenzake anamwonyesha mstari kwa kidole. Kijana yuko kwenye kompyuta anaangalia matangazo ya ajira. Hakuna aliyeulizwa barua.

Anitha akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa kwenye dirisha lolote. "Mama, unataka kujua nini hasa?" Sisi tumezoea kutaka kusaidiwa, mwanangu. Kutaka kujua hatujazoea, tunaona ni ufedhuli. Nikaanzia mbali, kwenye dungu, kwenye msuli, akaniacha niseme mpaka nikafika: mtu aliyechukuliwa na mamba, mwili haukuonekana, cheti chake kinapatikanaje?

"Sijui," akasema.

Nikainuka niondoke. Akanishika mkono. "Kaa, mama. Nimesema sijui, sikusema hakipatikani. Kazi yangu mimi ni kujua mambo haya yamewekwa wapi."

Akatafuta. Mtandao ukakatika, ukarudi, ukakatika. Kumbe utaratibu upo, umekaa tu, unasubiri wa kuutafuta. Barua ya kijiji, kiapo, usajili uliochelewa. Akaniandikia kwa mkono wake kipi kinaanza na kipi kinafuata, na mlango wa kugonga. Kwa hicho kipande cha karatasi ulipata cheti, kwa cheti ulipata mkopo, kwa mkopo ukasoma. Usije ukakaa na wasomi wenzako wakasema maktaba ni kabati la vitabu ukawaunga mkono. Nitakusuta.

Ningeondoka saa ile, ningekuwa mtu mwenye furaha. Lakini Anitha alikuwa bado ameinamia kompyuta. "Mama, umesema mamba? Hebu subiri. Kuna kanuni za kifuta machozi, kwa ajili ya watu waliouawa au kujeruhiwa na wanyama wakali." Akazipata. Kiingereza kitupu! Mto wetu, mamba wetu, maiti wetu, na maneno yenyewe hakuna mtu wa kwetu angeyasoma. Akanitafsiria polepole. Mamba ametajwa kwa jina lake. Mtu akiuawa, taarifa itolewe haraka, ifike wilayani, maafisa waje wathibitishe, familia ipewe kifuta machozi. Halafu akafungua tangazo jingine, hilo la Kiswahili, likieleza kwa nini wanataka taarifa mapema: askari wa wanyamapori waje wamshughulikie mnyama huyo kabla hajarudia.

Nilimwambia asome tena hapo. Kabla hajarudia.

"Kwani nyinyi mlitoa taarifa?" akaniuliza.

Nikapandwa na hasira, wallahi nilisahau niko wapi. "Nani alituambia? Nyie mnakaa na makaratasi yenu huku Kibiti, sisi kule tunaliwa! Serikali gani hii, mambo ya watu inayafungia kwenye kompyuta?" Yule mzee wa mafao akageuka kunitazama. Anitha alipenga kamasi tu. Na katikati ya kelele zangu nikamkumbuka kijana wa baiskeli. Serikali ilikuja mpaka mlangoni kwangu. Ilipiga hodi. Iliuliza mara mbili.

"Tulitoa," nikamwambia Anitha. Kisha nikasema, "Hapana. Hatukutoa."

Hakuniuliza kwa nini. Alisema, "Nisikufiche, mama, muda umepita sana. Lakini mimi si mwanasheria, nenda ofisi ya wanyamapori ukawasikie wenyewe." Nikaenda. Wakanikaribisha kiti, wakanisikiliza vizuri, wakaniambia hivyohivyo. Sikuwa na ugomvi nao. Ningegombana na nani? Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikisema serikali haitujali, na siku ilipotujali niliifukuza.

Anitha alikuwa amenitolea nakala, na pembeni ameniandikia Kiswahili chake. Sikushuka hapa kwetu. Nikapitiliza mpaka Nyamwage, nikamkuta Somoe kwenye karai lake. "Shikamoo, shangazi." Akaitikia, akanisogezea kigoda, maana ni mtu wa adabu. Nikamsomea yote. Alisikiliza huku anageuza mihogo, mpaka nikamaliza.

"Ulipokuwa eda nilikuja mlangoni kwako," akasema. "Nilikuapia kwa Mungu, na mimi nimefiwa na mtoto wa kaka yangu. Hukufungua. Leo serikali imesema, unaniamini. Kumbe mdomo wangu haukutosha, ulikuwa unataka muhuri."

Nikaanza kulia.

"Usinililie hapa, unanifukuzia wateja." Akafuta mikono. "Na karatasi hiyo usinisomee mimi, mimi nilikuwa najua. Kaisome palepale mliponiita mchawi."

Sikuisoma. Nilirudi nikaikunja nikaiweka chini ya godoro. Nilijiambia ngoja mtoto apate mkopo. Ukapata. Nikajiambia ngoja amalize chuo. Ukamaliza. Ngoja apate kazi, shemeji asije akatutoa kwenye kiwanja. Kila ngoja ilikuwa na sababu nzuri, mwanangu, na sababu zote zilikuwa na jina lako. Nilikufanya wewe kisingizio cha woga wangu, na nakuomba radhi kwa hilo. Watu husema usilolijua ni usiku wa giza. Sawa. Lakini hakuna msemo wa mtu ambaye kulishamkucha akaendelea kujifunika shuka.

Sasa wiki hii, kama ulivyosikia, mamba amemrarua mguu kijana mmoja wa ng'ambo ya bonde. Ulisikia hilo. Ambalo hukusikia ni kwamba wameshaanza kunong'ona tena. Tena wametaja kikongwe mwingine, na shemeji yangu ndiye mwenye kujua zaidi, kama kawaida yake. "Lisemwalo lipo." Nililisikia kisimani, ndoo ikanimwagikia.

Basi mkutano ulipofika kwenye mengineyo, nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akadhani nakuja kuwaalika kwenye dua yako. Nikatoa karatasi. Nikasoma, kidole kwenye mstari, kama mtoto wa madrasa siku ya kwanza. Nikasoma kanuni, nikasoma tangazo. Nikasema mume wangu aliuawa na mnyama, shangazi Somoe hakumtuma mtu wala kitu. Nikasema huyu kijana wa juzi taarifa yake iandikwe leo, asubuhi hii, kabla hatujatoka hapa.

Shemeji akacheka. "Hee! Shemeji siku hizi amekuwa serikali? Makaratasi ya Kibiti ndiyo yatufundishe mto wetu?"

"Mto wetu," nikamjibu, "lakini anayeliwa si wewe."

Hapo ndipo alipokung'uta kanzu. Mtu mmoja akasema nyuma, "Ana mtoto kapata cheo, mwacheni." Wakatoka. Lakini mtendaji wetu wa sasa alibaki, na familia ya yule majeruhi ikabaki, na taarifa ikaandikwa, akapiga simu wilayani mbele yetu. Askari wa wanyamapori wameahidi kufika. Yule kikongwe sikumtaja, ila nimemwona jioni hii anafagia uwanja wake. Pengine hata hajui jina lake lilikuwa limeshaanza kuzungushwa.

Shemeji ameniletea ujumbe baada ya alasiri. Kiwanja chake amekitafutia matumizi mengine, yaani nihame. Usiwe na wasiwasi, na wala usirudi kunitetea. Nina mikono, nina shamba la mama yangu. Ukija likizo utaulizia nilipo.

Wewe kesho kutwa utakaa kwenye kiti cha mtendaji wa kata. Utapewa ofisi yenye ubao wa matangazo nje. Usibandike karatasi pale ukadhani umewaambia watu. Msimu wa mpunga watu wako bondeni, ubao utausomea mbuzi. Wafuate huko huko. Kama wilaya hiyo ina maktaba, iingie kabla hujaingia kwa wakubwa, mjue anayekaa humo, na mtu akija kwako na shida usiyoijua sema hujui kisha mpeleke. Na siku mtu akikuambia haya ni ya nyumbani, usifunge daftari. Yule kijana wa baiskeli simlaumu, alikuwa na adabu. Adabu yake ilinifaa mimi siku ile, haikumfaa mtu mwingine yeyote.

Nilitaka kuishia hapo, niende nikapakie pilau kwenye vyombo. Lakini kuna simu niliyopiga magharibi.

Nilimpigia Bibi Somoe. "Shangazi, nimesoma."

"Wapi?"

"Mkutanoni. Palepale."

"Watu walikuwepo?"

"Walikuwepo. Na shemeji alikuwepo."

"Umengoja mwanao apate kazi."

"Ndiyo, shangazi."

Nilisikia mafuta yanachemka upande wake. Nikadhani atasema ahsante, au atanitukana, vyote nilikuwa tayari kuvipokea. Akauliza, "Na Tausi? Ulisemaje juu ya Tausi?"

Mwanaidi, sikusema. Nilimtaja mume wangu, nilimtaja yeye, nilitaja kanuni na wilaya. Kijana wa baiskeli nilimruka. Tausi nilimruka. Palikuwa na mama wadogo wa Tausi mle mkutanoni, wamekaa wananitazama, na nilipofika hapo macho yakaruka mstari yenyewe. Nilimsafisha Somoe na mimi nikajisafisha humo humo, maji ya kuogea yakiwa yale yale. Alingoja. Halafu akakata.

Nimempigia tena. Hapokei.

Kwa hiyo ninakuandikia wewe. Wewe sasa ni serikali, na ndiyo serikali pekee ninayoweza kuisemesha usiku huu bila kuona haya. Pokea taarifa yangu. Tausi, mjukuu wa Somoe, alichukuliwa na mamba akiosha vyombo. Mamba huyo alikuwa ameshamchukua mume wangu. Mtendaji alikuja akaniuliza niseme kilichotokea, akauliza mara mbili, nikamwambia asiandike. Kama ningesema, pangekuwa na watu wa kumfukuza mamba, na mtoto angekwenda mtoni akarudi na vyombo vyake. Sikutumwa na shemeji. Nilikuwa na mdomo wangu.

Mkutano ujao nitasimama tena, niseme hayo kwa sauti. Lakini mkutano ujao uko mbali, na basi lako la Kilwa linasimama Nyamwage kesho asubuhi. Shuka. Mwamkie. Msomee haya ya mwisho, yeye mwenyewe, polepole, na ulitaje jina la Tausi. Asipokupa jibu, usimdai.

Mimi mama yako